Falme Saba na Lango Moja

Jumatatu, 4 Mei

Siku njema kuliko zote tangu nioe! (Mke wangu asisome hapa.) Mama Mikate amekubali. Nilikwenda dukani kwake kununua mkate wa asubuhi, nikambembeleza dakika arobaini huku foleni ikinung'unika nyuma yangu, lakini nimetoka na jibu. Jumamosi hii, saa nane mchana, ile meza iliyo nyuma ya tanuri lake ni yangu.

Kila Jumamosi wanacheza pale mchezo wa mashujaa. Kila mtu anajichagulia shujaa wake, msimulizi anaeleza nchi na hatari zake, wengine wanasema watafanya nini, na dadu inaamua kama wamefaulu. Msimulizi kwa miaka mitatu amekuwa Muhuri, karani mwenzangu wa masjala. Tunamwita hivyo kwa sababu muhuri wa ofisi haumtoki mfukoni. Nchi yake ina msitu mmoja, na ndani ya msitu zimwi moja. Wameshaliua mara kumi na tisa.

Mimi nina Falme Saba za Mirindimo! Nimezitunga kwa miaka kumi na mmoja, na hajaingia mtu humo ila mimi. Mama Mikate amesema wakizipenda, meza ni yangu moja kwa moja. Wakizichoka, niendelee kununua mkate. Nataka mno wazipende!

Hila ya kwanza: Muhuri nimemtia ndani ya nchi. Ndiye Bawabu wa Lango, ukurasa wa kwanza. Mbishi, mzito, anakohoa kabla ya kukataa jambo lolote. Dakika ya tano joka litamkanyaga. Nimecheka peke yangu jikoni.

Jumanne, 5 Mei

Wageni wasifike Mirindimo vichwa vitupu. Nimewagawia wachezaji historia yake waisome mapema, kurasa sitini na nne, mwandiko mdogo.

Nesi, jirani yetu wa mlango wa pili, kauliza kama kutakuwa na mtihani. Nikasema hapana. Akashukuru sana, akanirudishia. Shemeji, mdogo wake mke wangu, kaipokea kwa mikono miwili na kuiweka chini ya mguu wa friji lake lililokuwa linayumba. Anasema limetulia kabisa. Mama Mikate hajajibu.

Mke wangu ndiye pekee aliyeisoma. Kafika ukurasa wa tisa. Kauliza mbona wafalme wote wanakufa. Nikamwambia ni kwa vita. Akasema alidhani ni kwa usingizi.

Wivu tu.

Jumatano, 6 Mei

Nimetengeneza ramani. Ramani ya kale lazima ionekane ya kale, kwa hiyo nilichukua shuka jeupe kabatini, nikachora falme zote saba, milima, mapango, hata choo cha mfalme wa tano, kisha nikailoweka kwenye chai iliyobaki asubuhi. Ikatoka vizuri ajabu! Nikaianika uani.

Chai ilikuwa na sukari. Saa kumi jioni jeshi la sisimizi lilikuwa limeteka falme tatu za kaskazini na linaelekea baharini. Nikawapiga pasi. Wakafa. Lakini nesi akaniita ukutani kuuliza harufu ya moshi inatoka wapi, nikageuka kumjibu, na pasi ikabaki palepale.

Sasa ufalme wa mashariki una ziwa kubwa jeusi lenye ncha upande mmoja. Nimeliandikia historia, kurasa mbili zaidi.

Mke wangu anauliza lile shuka alilopewa na mama yake liko wapi. Nimejitia hamnazo.

Alhamisi, 7 Mei

Balaa! Nilidhani Muhuri akinipisha usimulizi atabaki nyumbani, kumbe anakuja Jumamosi. Kaniinamia dawatini, kaniambia naye anataka kucheza, aione hiyo nchi ninayoipigia chuku tangu aajiriwe. Akija atajiona langoni! Atajua! Na sina muda wa kuandika bawabu mwingine.

Nimekula njama. Alipokwenda kunywa chai nilimwekea mezani rundo la majalada mia mbili, na juu yake karatasi isiyo na jina: "Haya yakamilike Jumamosi bila kukosa."

Mkuu wa masjala akapita, akaiona karatasi, akaisoma mara mbili. Akasema hajui nani kaiandika ila ni wazo zuri sana. Akagawa rundo mafungu mawili. Nusu langu, nusu la Muhuri.

Ijumaa, 8 Mei

Sikula. Nimerudia hotuba ya ufunguzi mbele ya kioo. Dakika ishirini na sita. Nimefuta sentensi moja, nikaongeza nne.

Jumamosi, 9 Mei

Kuanzia saa mbili tulikuwa masjala, mimi na Muhuri peke yetu. Saa sita na nusu yeye alikuwa amemaliza, mimi nimebakiza majalada sitini. Mimi si mzembe, nakagua kila karatasi mara tatu. Muhuri akavuta kiti, akachukua hamsini yangu bila kuombwa, akasema niharakishe, watu wananisubiri, na siku ya kwanza ya nchi mpya msimulizi hachelewi. Inaudhi sana mtu unayemchimba akikusaidia. Nilimshukuru nikiangalia sakafu.

Saa nane tuko mezani. Joto la tanuri, harufu ya mkate, ramani imetandazwa. Nesi kachagua kuwa mchawi, Mama Mikate mpiga shoka, shemeji mwizi, Muhuri mwana wa mfalme aliyepotea. Nikaanza hotuba. Dakika ya kumi Mama Mikate akauliza kama anaweza kumpiga mtu yeyote kwa sasa. Shemeji alikuwa amefumba macho. Miaka kumi na mmoja, na naona nesi anatazama saa!

Nikaruka hotuba yote iliyobaki hadi langoni.

Bawabu akakohoa. Akawauliza wametoka wapi, wanakwenda wapi, na kwa idhini ya nani. Shemeji akafumbua macho. Bawabu akataka barua kutoka kwa mfalme wa huko watokako na picha mbili za kila shujaa. Nesi akasema mchawi haonekani kwenye picha. Bawabu akasema basi alete picha mbili ambazo haonekani. Mama Mikate akaangua kicheko hadi unga ukaruka mezani. Shemeji akajaribu kutoa hongo. Bawabu akampa fomu ya kukataliwa hongo, ajaze nakala tatu.

Sijui maneno yalikuwa yanatoka wapi. Hayamo kwenye kurasa sitini na sita.

Kwa muda wa saa tatu nzima! Hawakuvuka lango. Mwisho nikalileta joka limkanyage bawabu, kama nilivyopanga. Muhuri akaruka kutoka kitini, akapiga kelele kwamba hata joka lipange foleni. Akarusha ile dadu yenye pande ishirini. Ishirini, namba kubwa kuliko zote! Basi joka langu la vichwa vinne, fahari ya Mirindimo, likasimama nyuma ya nesi na kudaiwa picha mbili za kila kichwa. Walicheka mpaka wateja wakaja kuchungulia. Nami nilicheka. Watu wanne walikuwa ndani ya nchi yangu na hawakutaka kutoka! Nilitaka kulia, nikasingizia moshi wa tanuri.

Mama Mikate akasema meza ni yangu. Falme saba nizifungie kabatini, wao wanataka lango. Kisha akasema bawabu nimemchora vizuri kupita kiasi. Nikamtazama Muhuri kwa hofu. Lakini Muhuri alikuwa anafuta machozi ya kicheko. Akanipiga begani, akasema alinitambua tangu kikohozi cha kwanza.

Alinitambua mimi!

Nesi akasema hata yeye. Shemeji akasema nani asingetambua. Muhuri akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba inahitaji moyo mkubwa mtu kujicheka hivyo mbele za watu.

Nikasema asante.

Jumapili, 10 Mei

Nimetafakari. Wamekosea wote. Bawabu hafanani nami hata chembe. Nimemuuliza mke wangu, akaniuliza shuka liko wapi.

Kilichowavutia ni historia, hawajui tu. Nimeanza kuiongeza, nipo ukurasa wa themanini na moja.

Jambo moja lazima liwekwe sawa. Habari zimeenea, na mkuu wa masjala naye anataka kucheza Jumamosi ijayo. Meza haiwezi kuingiwa ovyoovyo kama sokoni. Kwa hiyo nimeandaa fomu fupi ya maombi. Kila mchezaji aeleze anatoka wapi na anataka kucheza kwa idhini ya nani, aambatishe picha mbili, kisha Muhuri apige muhuri. Nakala tatu.

Nimemsomea mke wangu. Nilikohoa kidogo kabla ya kuanza, naye akacheka hadi akakaa chini sakafuni. Sijui kimempata nini.

Nimefikiri tena. Nakala nne.