Gari la Saindou Lafika Ntsoudjini

Moroni nzima hapakuwa na mtu mwenye gari lililosambaa kama la Saindou. Mlango mtaani Magoudjou, taa sokoni, giaboksi kisiwa kingine!

Enzi hizo za Rais Ali Soilih, Wafaransa wamekwishaondoka na meli za vipuri haziji, wapenzi wa Peugeot 404 walikutana Magoudjou kila Ijumaa baada ya sala, kuuziana vilivyotumika. Wenzake walileta skrubu. Saindou alileta mdomo. Serikali ilikuwa imefuta arusi za fahari. Majigambo ya Saindou yaliishinda.

"Betri hii," alimwambia Chanfi, ambaye teksi yake ilikuwa imelala miezi mitatu, "imetoka kwenye gari la daktari Mfaransa. Nyumbani, hospitali, basi! Mpya kama bibi arusi!"

"Mbona ina kutu?"

"Kutu? Hiyo hina, ndugu yangu!"

Chanfi akanunua. Wiki iliyofuata milango, kisha viti, kisha taa. Vyote, Saindou aliapa, vilitoka kwenye "gari langu la pili, liko Mutsamudu kwa bi mdogo."

Gari la pili! Lilikuwa moja tu, uani kwa bi mkubwa, Charifa, likikonda kila Ijumaa. Mutsamudu, kisiwa cha pili, kulikuwa na giaboksi tu, aliyoipeleka ili bi mdogo, Moinaecha, naye ajue ameolewa na mwenye gari.

Charifa akachoka. Na kule visiwani nyumba ni ya mke. Mume ni mgeni mwenye godoro.

"Saindou, Idi hii unanipeleka Ntsoudjini kwa dada, kwa gari. Ukishindwa, wewe na bati lako mtafute pa kulala."

Saindou akawaza. Milango atafunga kamba, viti ataweka mikeka, betri ataazima, injini ipo. Giaboksi! Akapanda boti kwenda Mutsamudu, akatapika njia nzima kama aliyepewa kazi hiyo kwa mkataba.

"Giaboksi?" Moinaecha hakuacha hata kukuna nazi. "Nimeuza."

"Umeuza gari langu!"

"Kilicho uani mwangu ni changu. Kuku walikuwa wanatagia humo! Alikuja bwana mmoja wa Moroni, mpole, hata bei hakubishania. Chanfi. Eti gari lake linakaribia kukamilika."

Asubuhi ya Idi, Saindou amesimama barabarani na kanzu nyeupe pee, Charifa pembeni kanuna. Honi ikalia. Ikaja 404: milango yake, viti vyake, taa zake! Chanfi akazima injini, akashuka kusalimia.

"Idi njema, shemeji! Naelekea Ntsoudjini, pandeni."

"Unaona?" Saindou akavimba. "Si nilikwambia utakwenda kwa gari langu?"

Charifa akajikuta anacheka. "Haya, panda. Tukifika pamoja, nimekusamehe."

Wakapanda. Chanfi akazungusha ufunguo. Kimya.

"Betri ya daktari," akasema. "Shuka, ndugu yangu, usukume."

Saindou akasukuma, kanzu juu ya magoti. Gari likakohoa, likamtemea moshi mweusi kifuani, likachomoka!

"Simama! Simama, Chanfi!"

"Nikisimama haliwaki tena!"

Charifa akatoa kichwa dirishani.

"Godoro lako liko nje ya mlango!"