Mikono ya Viti, Safu ya Mwisho

Jumatatu, 3 Machi

Leo mlango umefunguka! Bi Meneja ametuita wafanyakazi wote wa sinema, yaani watu wanne. Mimi, mkata tiketi. Fundi, anayeendesha mtambo wa picha. Mzee wa usafi, aliyekuja na fagio lake na kulala nalo. Na Dada wa Bisi. Nimemwandika mwisho makusudi, nipate kumfikiria bila haraka.

Bi Meneja amechemka kwa hasira. Tuna filamu mbili za mashujaa wenye nguvu za ajabu. Zote watu wanaruka. Zote mji unabomolewa na hakuna anayeulizwa. Lakini Bwana Radi, Ukumbi wa Kwanza, anajaza hadi ngazi. Mlinzi wa Sayari, Ukumbi wa Pili, anatazamwa na mbu. Kwa nini? Atakayeleta sababu ya kueleweka kabla ya Alhamisi ya wiki ijayo atakuwa mteuzi wa filamu. Atapewa na meza. Nikauliza meza itakaa wapi. Akasema kando ya mashine ya bisi.

Kando ya mashine ya bisi! Miaka miwili nimesimama mlangoni, yeye ng'ambo, na katikati yetu nguzo ya saruji. Nikijitahidi naona kiwiko chake cha kulia. Ni kiwiko kizuri, sina malalamiko. Lakini mtu anachoka kupenda kiwiko.

Meza hiyo ni yangu. Na sababu ninayo tayari: joho. Bwana Radi ana joho jekundu linalopepea. Mlinzi wa Sayari hana, anaonekana kama fundi bomba. Fundi amesikia akaniita Profesa. Wivu.

Jumatano, 5 Machi

Jaribio la kwanza. Nimemvisha joho Mlinzi wa Sayari wa kadibodi anayesimama pale mapokezi. Joho lenyewe ni pazia la sebuleni kwa Shangazi, ninayeishi naye. Limempendeza. Kisha nikahesabu vipande vya tiketi, maana ninavihifadhi kwenye makopo, kila filamu kopo lake. Matokeo: watu tisa. Mmoja alikuwa anatafuta choo.

Leo Dada wa Bisi alikuwa na mapumziko. Lakini alikuja, kama kila Jumatano. Gauni la bluu. Tiketi mbili za Bwana Radi, safu ya mwisho, viti namba kumi na moja na kumi na mbili. Jumatano zote ni hivyohivyo, na Jumatano zote kumi na mbili kinabaki kitupu. Leo nimejikaza nikamuuliza anamngoja nani. Akanitazama usoni. Akasema anamngoja mtu mzito wa kuelewa. Nikampa pole. Nikamwambia watu wa namna hiyo wapo wengi, asikate tamaa.

Kisha nikakata tiketi zote mbili, nikatia vipande kwenye kopo. Ni nani huyo mwenye bahati asiyekuja? Ningekuwa mimi ningefika tangu asubuhi na kiti ningekifuta.

Alhamisi, 6 Machi

Shangazi ameuliza pazia liko wapi. Nimemwambia liko kwenye utafiti. Amesema nimrudishie kabla majirani hawajajua anavyolala mchana.

Nimemweleza suala zima. Akasema yeye na marehemu mjomba walitazama filamu moja ya shujaa mara saba. Nikachukua kalamu upesi. Mara saba! Shujaa alikuwa na joho? Hakumbuki. Adui alikuwa nani? Hakumbuki. Aliruka au alikimbia? Hakumbuki hata kidogo. Anakumbuka mjomba alikuwa anamenya machungwa gizani na kumtilia mkononi kipande kimoja kimoja, naye akimlalia begani. Akatazama dirisha lisilo na pazia. Macho yalimjaa maji.

Nimefunga daftari. Ushahidi wa Shangazi haufai kitu. Mtu aliyetazama mara saba na hajui hata rangi ya joho!

Jumamosi, 8 Machi

Nadharia mpya: machozi. Dakika ya arobaini, Bwana Radi anafiwa na mama yake. Mlinzi wa Sayari hafiwi na mtu, hata jirani. Nikaingia gizani na tochi, kuwamulika watazamaji usoni na kuwahesabu wanaolia. Safu ya mbele, wanne. Katikati, sita. Safu ya mwisho hakuna anayelia, na wawili wawili walinitukana kwa pamoja. Bi Meneja amepokea malalamiko kumi na moja. Amesema tochi ni ya kuonyesha ngazi.

Fundi naye ana nadharia. Eti ni kicheko cha adui. Alikuwa anamweleza Dada wa Bisi huku anakula bisi zake za bure, na anacheka kama adui, kwa mfano. Dada wa Bisi hakucheka. Alitazama upande wangu, nguzo ikamziba. Nikasogea kulia, naye akasogea kushoto. Nguzo hii kuna siku nitaibomoa.

Jioni, taa zilipowashwa, nikagundua jambo la kutisha. Safu ya mwisho nzima ya Ukumbi wa Kwanza haina mikono ya viti! Ile ya mbao, ya kuegemeza kiwiko. Iling'oka zamani, imerundikwa stoo. Watu wanalipa, wanakaa wamebanana kama nguo kabatini, na tiketi za safu hiyo huisha kabla ya nyingine zote. Masikini, wanavumilia kwa ajili ya Bwana Radi. Je, wangepewa raha? Tungejaza mara mbili!

Halafu nikakumbuka nani hukaa safu hiyo. Kiwiko kile. Jumatano zote hizo kimekosa pa kupumzika!

Jumatatu, 10 Machi

Nimerudisha mikono kumi na minne. Peke yangu, kwa bisibisi na skrubu. Kidole gumba kimevimba. Ule wa kati ya kumi na moja na kumi na mbili niliubeba hadi nyumbani. Nimeupiga msasa, nikaupaka vanishi mara tatu. Shangazi aliuliza ni zawadi ya nani. Nikamwambia ya mtu ambaye hajui kwamba namwazia kutwa. Akauliza kwa nini nisimwambie tu. Nikamwonyesha vanishi inavyong'aa. Akaingia chumbani.

Niliufunga kwa skrubu nne, wenzake wana mbili mbili. Kisha nikakaa kwenye kumi na mbili, ukumbi mtupu, nikaweka kiganja changu juu ya mbao ile. Nimekaa hapo hadi Mzee wa usafi aliponifagia miguu.

Jumanne, 11 Machi

Ajabu. Safu ya mwisho, watu watatu. Wawili wa kwanza waliketi, wakautazama ule mkono, wakatazamana, wakaondoka. Wakaelekea Ukumbi wa Pili! Nikawafuata kwa tochi (ya kuonyesha ngazi). Kule safu ya mwisho wamejisogeza kwenye benchi la dharura, lililozibia viti vilivyovunjika, wamelaliana. Mlinzi wa Sayari amepata watu thelathini na wanane kwa siku moja.

Nimekaa na makopo yangu nikatafakari. Jibu ni moja tu. Watu wamechoka kufiwa na mama.

Jumatano, 12 Machi

Sijui nianzie wapi.

Amekuja. Gauni la bluu. Tiketi mbili. Moja akanipa nikate. Ya pili akaniwekea kiganjani, akanikunja vidole juu yake. Akasema, “Hii usiikate. Ingia nayo.”

Mimi! Mtu mzito wa kuelewa ni mimi! Nimemwomba Fundi anishikie mlango, akakubali, jambo ambalo si kawaida yake. Nimeketi kumi na mbili. Yeye kumi na moja. Manukato yake ni ya mdalasini na siagi ya bisi. Nilitaka filamu ile iendelee mpaka nistaafu.

Akataka kuniegemea. Akagonga mkono wa kiti. Akauliza nani ameuweka. Nikamwambia kwa fahari ni mimi, skrubu nne, vanishi mara tatu, kwa ajili yake. Akaupapasa. Akasema ni laini kweli. Kisha akasema, polepole, “Sasa mimi na wewe tutafanyaje?” Nikamwambia atangulie yeye kuweka kiwiko, mimi changu nitakiweka magotini, sina shida.

Halafu ikanijia: mteuzi wa filamu hawezi kupoteza nafasi ya kuona ukumbi akiwa amekaa. Kesho ni siku ya majibu! Nikageuka, nikatoa daftari, nikaanza kuhesabu. Nilimwachia yeye bisi. Nilipofika safu ya nne nikasikia kiti kikijikunja. Alikuwa ameondoka. Nikatazama saa: dakika ya hamsini na nne.

Nikaandika: Mwanamke, safu ya mwisho, ameondoka dakika ya 54. Nilikaa pale hadi mwisho, kiganja changu kwenye kiti chake. Kilikuwa na joto, kisha hakikuwa nalo.

Alhamisi, 13 Machi

Ripoti yangu ilikuwa kurasa kumi na saba. Hitimisho: filamu ni ndefu. Hata mtazamaji mwaminifu kuliko wote havumilii zaidi ya dakika hamsini na nne. Filamu zikatwe. Fundi alisema maneno mawili: kicheko cha adui. Bi Meneja amempa Fundi meza. Kasema angalau hakumchosha.

Lakini sikia hili! Nimerudi mlangoni, na juu ya kigoda changu nimekuta vitu viwili. Tiketi ya Jumatano ijayo, kiti namba kumi na mbili. Na juu ya tiketi, bisibisi. Ya Fundi, naitambua kwa mpini wake. Nikachungulia. Kumbe Dada wa Bisi ndiye aliyeiazima, na safari hii alitoka hadi mbele ya nguzo, akasimama ananitazama, mikono kifuani.

Nimemwelewa mara moja. Anathamini kazi yangu, ila ameona ule mkono unacheza kidogo.

Sikungoja. Nimeingia ukumbini mchana huohuo, nimekaza skrubu zote nne mpaka mbao ikalia. Kisha nimeongeza misumari sita na kipande cha chuma chini yake. Hautang'oka hata kwa shoka. Jumatano naiona mbali kama mwaka mzima!