Kamati ya Vilengeo vya Mchana na Usiku

Halmashauri ya mji wa Cutler Fork, jimbo la Missouri, ilifurahi kuutangazia umma kwamba imeunda Kamati Maalumu ya Vilengeo vya Mchana na Usiku. Kamati hiyo ingesimamia mchakato mzima wa kubadilisha vilengeo vya bastola za kujihami wanazobeba watumishi wa mji, kuanzia Meya hadi msoma mita za maji. Tangazo lilibandikwa mlangoni pa ofisi, likafunika nusu ya tangazo la mbwa aliyepotea. Mwenyekiti wa kamati alikuwa Verlin Haskett, Katibu wa Mji, ambaye ndiye aliyeibuni, aliyeipendekeza, na aliyeiandikia hotuba ya kuipongeza.

Chanzo cha kamati hakikutajwa. Chanzo kilikuwa jokofu.

Jioni moja ya dhoruba umeme ulikatika. Verlin alikuwa sebuleni na kipande cha pai ya boga aliposikia kitu kikianguka jikoni. Akachukua bastola yake, akanyata hadi mlangoni, na gizani akaliona jibaba limesimama, mabega mapana, shingo hamna. Akainua bastola. Kilengeo cha mbele, kile kijiti kinachokaa ncha ya mtutu, hakukiona. Cha nyuma, chenye pengo ambamo kijiti hicho kinatakiwa kionekane katikati, hakukiona vilevile.

"Toka taratibu," alisema kwa sauti ya kiofisi. "Mikono juu."

Jibaba likakaidi. Verlin akalionya tena, safari hii akitaja na cheo chake.

Mkewe, Twyla, aliingia kwa mlango wa banda la gari, kikapu cha nguo kiunoni na tochi mkononi. Akamulika.

"Unaongea na nani, Verlin?"

"Na mtu."

"Huyo mtu tunamwekea maziwa tumboni."

Mwingine angesema giza lilikuwa nene, au kwamba macho yake yamestaafu kabla yake. Verlin hakuwa mtu wa namna hiyo. Alishusha bastola, akatafakari kama kiongozi, akabaini upungufu wa kimiundombinu. Vilengeo vilivyokuja na bastola kutoka kiwandani vilikuwa na vinukta vyeupe tu. Mchana vinafaa, giza likiingia ni bure kabisa.

"Na kama ningetangulia mimi kuingia, badala ya hiyo barafu kuanguka?" Twyla aliuliza, akimulika barafu iliyodondoka ndani ya jokofu.

"Ndiyo maana tunahitaji vilengeo vya kisasa."

Twyla akaenda kukunja nguo kwa mwanga wa tochi.

Kwenye kikao cha halmashauri, Verlin alieleza "tukio la kiusalama katika makazi ya mtumishi mwandamizi, ambapo mtuhumiwa alikataa kutoa ushirikiano." Meya Royce Tackett alisikiliza akiwa ameegemea kiti. Royce aliuza matrekta kabla ya kuingia siasa, na bastola yake haikutoka kiunoni hata akiimba kwaya kanisani.

"Tusikubali kuachwa nyuma na miji mingine," alisema, ingawa hakuna mji mwingine uliokuwa ukielekea huko.

Kamati ikaenda dukani kwa Garland, fundi wa bunduki. Wajumbe walikuwa wawili: Verlin, na Waldo Pickens wa Idara ya Maji. Dereva alikuwa Twyla, kwa kuwa Verlin alikuwa ameacha kuendesha gari jioni "kwa sababu za kiutawala."

Garland alitandaza kitambaa juu ya meza akapanga vilengeo kama mtu anayeuza pete. Akaanza na chenye uzi wa kunasa mwanga. Kwenye jua la jioni la dirishani uliwaka mwekundu kama kaa la moto, na Verlin akatamka palepale kwamba huo ndio mustakabali. Garland akaufunika kwa kiganja. Mustakabali ukazimika.

"Huu unakula mwanga," alisema. "Hakuna mwanga, hakuna uzi. Sasa hivi vya pili vina vichupa vidogo vya gesi ndani. Vinang'aa vyenyewe, havina betri. Baada ya miaka kadhaa vinafifia, unabadilisha."

"Vyote vitatu viwake kijani," alisema Waldo. "Kimoja mbele, viwili nyuma. Kama dashibodi."

"Wengi wanapenda hivyo. Ila jicho lako lina kazi moja tu, kijiti cha mbele. Nyuma kukiwaka sawasawa na mbele, jicho linaanza kutalii. Mimi ningekupa cha mbele chenye duara la rangi ya chungwa, ulione mchana, na kichupa katikati ukione usiku. Cha nyuma kiwe cheusi tu, kitulie."

Verlin alikiinua cha chungwa. Akakisogeza mbali. Akakisogeza mbali zaidi, mpaka mkono ukaisha.

"Kiko wazi kabisa," alisema, akikitazamisha dirishani.

"Umekishika kichwa chini," alisema Twyla.

"Ninakikagua pande zote."

Twyla akamgeukia fundi. "Hebu niambie, Garland. Hivi vitu vinaonyesha aliye mbele yako ni nani?"

"Hapana, Bi Twyla. Vinakuonyesha bastola yako imeelekea wapi. Kumjua aliye mbele ni kazi ya tochi."

Verlin alikohoa. "Suala la tochi liko nje ya hadidu za rejea."

Upembuzi yakinifu ulifanyika katika stoo ya mafagio ya ofisi ya mji, kwa kuwa ndicho chumba pekee kisicho na dirisha. Verlin, Waldo na Meya walijifungia humo saa za kazi, wamebanana kati ya ndoo na dawa ya sakafu, wakipokezana bastola ya plastiki ya mafunzo ambayo Garland aliifunga vilengeo vya majaribio. Mfagizi alipofungua mlango alikuta watumishi wakuu watatu gizani, wakihema.

"Ni kikao," alisema Verlin.

Mfagizi akafunga mlango.

Humo stoo Meya alichagua vinukta vitatu vya kijani, vyote viwake, akasema anataka wananchi wavione. Verlin alikumbuka maneno ya Garland, akafungua mdomo, kisha akakumbuka kwamba Meya ndiye anayepitisha bajeti ya ofisi yake. Akasema uamuzi huo una tija.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Ilikuwa mchana wa Jumamosi, madirisha yamebandikwa karatasi nyeusi, kahawa na maandazi ya bure vimewekwa mlangoni. Mwizi aliyetengenezwa kwa boksi na kuchorwa kofia alisimamishwa ukuta wa kushoto. Verlin alieleza vigezo alivyovitunga mwenyewe: vilengeo vilingane, mkono usitetemeke, amri itolewe kwa sauti ya mamlaka. Maelezo yakawa marefu. Yakaendelea. Katika safu ya mbele Bi Opal Tackett, mama mzazi wa Meya, alianza kutazama mlango wa choo.

Hatimaye Waldo akazima taa. Bastola ya plastiki ikainuka mkononi mwa Meya, na watu wote wakaviona vinukta vitatu vya kijani vikielea gizani, vimelingana kama askari wa gwaride. Kulikuwa na mnong'ono wa kuridhika.

Kisha kitu kikaanza kutembea upande wa kulia. Kilikwenda polepole, kikikwaruza sakafu.

"Simama hapo," alisema Meya.

Kitu hakikusimama. Vinukta vikakifuata bila kuyumba.

"Nimesema simama! Mimi ni Meya wa mji huu."

Kitu kikaendelea na safari yake. Halafu kitu kizito kikaanguka chini, na Meya akatamka kwa utulivu mkubwa, "Amedondosha silaha. Nimemdhibiti. Washa taa."

Waldo akawasha. Mwizi wa boksi alikuwa kushoto, mzima wa afya. Kulia alisimama Bi Opal, mikono yote miwili kwenye kitembezi chake cha chuma, mkoba wake miguuni. Kifaa chake cha masikio alikuwa amekizima tangu hotuba ya Verlin. Vinukta vitatu vilikuwa vimetulia kifuani pake, juu kidogo ya pini yake ya urembo yenye maua.

"Mbona umeninyooshea hicho, Royce?" alisema, akikiwasha kifaa. "Mimi naenda chooni."

Hakuna aliyetafuna. Meya alimgeukia Verlin kwa macho ya mtu anayedai msaada wa kitaalamu. Verlin akasimama, kwa sababu mwenyekiti hana budi kusimama.

"Vilengeo vimelingana," alitangaza. "Mkono haukutetemeka. Amri imesikika hadi barabarani. Kwa mujibu wa vigezo, Mheshimiwa Meya amefaulu kwa alama zote."

Bi Opal akamtazama. "Kwa hiyo mimi nimekufa?"

Verlin akavipitia vigezo vyake kichwani, kimoja kimoja, akitafuta mahali pa kumwokolea mama huyo. Hapakuwepo.

"Ndiyo, Bi Opal," alisema. "Kwa kiwango cha juu."

Cheko likaanzia nyuma, likaja mbele kama maji ya bomba lililopasuka. Verlin hakucheka. Alimwona Twyla katika safu ya pili, na Twyla hakuwa akicheka pia. Alikuwa ameweka mkono kiunoni, pale pale anapobebea kikapu.

"Kuna jambo sikuliripoti," alisema. "Yule mtuhumiwa wa kwenye taarifa yangu alikuwa jokofu. Nililiamuru mara mbili. Angekuwa mke wangu, ningemwamuru vilevile. Sikuona vilengeo, ni kweli. Lakini hata ningeviona vikiwaka kama Krismasi, bado nisingejua namlenga nani. Na mchana pia sioni vizuri. Twyla anajua. Hata gari nimeacha."

"Kimeumana," alisema mtu karibu na kahawa.

"Royce," alisema Bi Opal, "mambo ya Verlin ni mazuri lakini mimi sina muda. Okota mkoba wangu unisindikize."

Meya akaokota mkoba, akaenda. Wajumbe wa halmashauri waliobaki wakageuza maonyesho kuwa kikao. Waldo Pickens, ambaye hajawahi kutoa hoja maishani mwake, alitoa hoja: watumishi wa mji waache bastola zao nyumbani wakija kazini, fedha za vilengeo zinunue tochi, na kila mtumishi akapimwe macho, akianza Mwenyekiti. Mwenyekiti akaunga mkono. Ikapita bila kupingwa, kwa kuwa mpingaji pekee alikuwa amesimama nje ya choo cha wanawake.

Royce aliporudi, mkoba begani, watu walikuwa wameshaanza kukunja viti.

"Nimekosa nini?"

"Tumekupitishia tochi, Mheshimiwa," alisema Verlin. "Na bastola zisiingie ofisini. Yako na yangu. Ni sheria kuanzia sasa hivi."

Meya akashika kiuno. Akawatazama wajumbe, kisha wananchi, akitafuta kura hata moja. Bi Opal hakumsubiri aipate. Aliuvuta mkoba kutoka begani mwa mwanawe, akaufungua zipu, akauinua mbele yake, na Meya wa Cutler Fork akaitumbukiza bastola yake na ala yake humo ndani, kati ya peremende na leso.

"Utaichukua ukija kula Jumapili," alisema mama yake, akafunga zipu.