Ndege Moja na Kofia ya Njano

Jumamosi, 8 Novemba

Siku kubwa! Nimepata kofia ya rubani. Ya njano, ina mabawa ya shaba. Mzee wa jengo la pili anahamia mji wa Falls Church na alikuwa akiuza vitu vyake nje. Ndani ya kofia mlikuwa na kijitabu: historia ya Penrose Air, kampuni ya Uingereza ya ndege za kukodi. Ilikuwa na ndege moja tu, ya mtumba. Ilipeleka watalii ufukweni miezi kumi na saba, kisha ikafa. Nilisoma nikiwa nimesimama, mpaka mzee akaniomba nisogee watu waone taa zake.

Kama wao waliweza, mimi je? Miaka sita nasukuma viti vya magurudumu kwenye uwanja wa ndege wa Dulles, huku ughaibuni. Nani anaijua sekta ya anga kunishinda? Ndege moja, Desemba, hapa hadi kwetu Eldoret bila kutua popote!

Nikampigia Mama papo hapo. Hajaniona miaka minane. Kila Desemba hutokea jambo (mwaka jana ulikuwa mradi wa kuku kwenye roshani). Nikamwambia mwaka huu naja, tena na ndege yangu. Akauliza nitaiegesha wapi.

Chebet, mke wangu, alikuwa ameshaninunulia tiketi ya kawaida ya tarehe 19 Desemba. Nikamwambia airudishe. Mwenye ndege hapandi ndege za watu. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Mara mbili! Manesi wana wasiwasi mwingi.

Jumapili, 9 Novemba

Nimetangaza baada ya ibada, kofia kichwani. Festus hakupenda. Festus ni mwenyekiti wa chama chetu cha watu wa nyumbani waishio huku, na kila mwaka hutupangia tiketi za kundi, kisha hushukuriwa kana kwamba ndege alizitengeneza yeye. Akasimama kuuliza kama nina leseni, kama nina rubani, kama nina ndege. Wivu mtupu! Nikamjibu kwamba hata Penrose Air ilianza na kofia. (Sijafika ukurasa huo, lakini lazima.)

Nikazungusha karatasi watu waandike majina. Akinyi, muumini mwenzetu, aliandika kabla sijamaliza sentensi. Hata jirani yetu Mwadini, wa Zanzibar, alinifuata kwenye maegesho ya jengo letu akiuliza kwa adabu kama ndege inaweza kupitia Unguja kidogo. Nikamwambia itapita. Majina arobaini na moja! Nimeyahesabu mara tatu. Festus hajawahi kupita kumi na tisa.

Jumatano, 12 Novemba

Nimeendesha gari hadi Upper Marlboro kusajili kampuni. Foleni saa mbili. Mama wa dirishani akatazama anwani yangu, akanieleza taratibu kwamba mimi ninaishi jimbo jingine. Kwani sikujua? Nilidhani ofisi ni ofisi.

Lakini habari njema! Nimempata wakala mwenye ndege ya kukodisha. Anataka kitu kimoja tu kufikia Jumapili: orodha ya abiria, majina kama yalivyo kwenye pasipoti. Ninao arobaini na mmoja!

Mama amepiga. Ameshamwambia chifu, mchungaji na kwaya nzima.

Jumamosi, 15 Novemba

Tangu asubuhi watu wanaleta mizigo. Mwezi mzima kabla ya safari! Nikasema hawa ndio abiria. Akinyi alileta masanduku mawili na blenda, nikamwomba pasipoti. Alicheka mpaka akakalia sanduku. Kumbe yeye hasafiri, ana shifti hadi Januari. Ni mzigo unaosafiri.

Nikamuuliza Kamande, aliyeleta tairi nne. Hasafiri. Queen, wa godoro? Hasafiri. Festus, aliyekuja "kuona tu", akaichukua karatasi yangu na kuisoma kwa sauti sebuleni, mstari kwa mstari. Majina arobaini na moja, na mbele ya kila jina kuna mzigo. Mwadini: boksi moja, lishushwe Unguja. Abiria hakuna. Mwanangu Ethan akauliza, kwa Kiingereza chake, kama godoro litafungwa mkanda.

Jumapili, 16 Novemba

Wakala amekata simu. Penrose Air miezi kumi na saba, mimi siku nane.

Nimelia, naandika bila aibu. Si kwa ajili ya ndege. Ni kwa Mama, ambaye amepaka nyumba rangi. Nilimwambia Chebet kwamba sina ndege wala tiketi. Akaendelea kukunja nguo. Akasema, Baba Ethan, ile tiketi sikuirudisha. Nikamuuliza kwa nini. Akasema ameishi nami miaka kumi na miwili.

Alhamisi, 18 Desemba

Mwadini peke yake ndiye aliyechukua boksi lake, akanipa pole. Wengine wanasema niliahidi. Nina masanduku mawili, na Chebet analinda mizani ya bafuni kama askari. Tairi amezikataa. Makoti matatu ya watu nitayavaa.

Festus amekuja, hakuingia. Alisimama mlangoni akitazama viatu vyake. Ana kamzigo kadogo tu: betri za kifaa cha kusikia cha babake. Nilitaka kumsomea karatasi kwa sauti. Nikatia betri mfukoni mwa shati.

Jumapili, 21 Desemba, Eldoret

Nimefika! Njiani nilimaliza kijitabu. Penrose Air ilikufa kwa sababu ilienda imejaa na kurudi tupu.

Kwaya ilikuwa kwenye ua wa uwanja wa ndege, ikiimba huku ikitafuta ndege yangu. Mama alinipita bila kunitambua, kwa sababu ya makoti. Nikavua moja. Akanishika uso kwa mikono miwili, akalia, nami nikalia. Kisha akauliza ndege iko wapi. Nikampa kofia. Hajaivua mpaka sasa.

Kufikia chai, watu walianza kuingia. Mamake Queen na unga wa wimbi. Babake Kamande na vibuyu viwili vya mursik, maziwa yetu ya mgando. Mzee nisiyemjua na jogoo, mzima kabisa, wa kumpelekea mwanawe aliyeko Fairfax, karibu na kwangu. Kila mmoja anasema ni kamzigo kadogo tu. Sebule imejaa kuliko yangu!

Ndipo nikaona! Ndege yangu inaenda imejaa na kurudi imejaa! Nikazungusha karatasi, na safari hii nikachora safu ya abiria kabisa. Mama akaivuta kwanza. Akaandika jina lake polepole, kama lilivyo kwenye kitambulisho. Anataka kumwona Ethan. Abiria wa kwanza!

Nimempigia Chebet airudishe tiketi yangu ya kurudi. Ameniuliza mara mbili kama nina hakika.