RC Maana Yake Rasmi Kabisa

Jamani, leo nimejiaibisha, tena kwa mdomo wangu mwenyewe. Nawasimulia mapema kabla hamjayasikia kwa wengine, maana Kariakoo yameshafika mpaka kwa wauza vyombo.

Kazi yangu mnaijua. Natengeneza kompyuta za madukani, na kwenye kadi nimeandika "Mtaalamu wa Mifumo" (kadi nilijichapia mwenyewe). Mteja wangu mkubwa ni Bi Zuhura, anauza vitenge na khanga kwa jumla. Mama huyu ndiye aliyenipokea nilipokuwa nazunguka Mchikichini na begi la bisibisi, hakuna anayenijua. Juzi akanisemea kwa wenye maduka wote wa jengo lake, wanipe kazi zao. Kwa hiyo leo nilitaka kung'ara.

Nikamkuta anafunga mizigo ya mikoani. Robota kubwa kuliko yote lilikuwa sare za harusi ya mpwa wake, huko Songea, Jumamosi hii.

"Shikamoo Bi Zuhura."

"Marahaba mwanangu. Hii printa inanikatia majina kwenye lebo. Niangalizie, gari la Songea linapakia sasa hivi."

Printa haikuwa na shida. Lebo zilikaa upande tu, ningezinyoosha ningekuwa nimemaliza. Lakini wenye maduka wawili walikuwa wamekuja kuniona nikifanya kazi. Fundi gani anayeangaliwa ananyoosha lebo? Nikakohoa, nikasema programu ya lebo imezeeka, tuiapdeti.

Nikafungua ile programu inayosimamia kuweka na kuondoa programu nyingine. Ikanionyesha toleo 4.8, lile lile analotumia. Chini kulikuwa na kiboksi: "Onyesha na matoleo ya majaribio." Nikakiweka tiki. Orodha ikajaa: 5.0 rc1, 5.0 beta, 5.0 alpha.

Sasa msinione mjinga kiasi hicho. Alpha na beta nazijua, hazijaiva. Nikaziruka kwa madaha. Hiyo rc1 sikuijua, ila ilikaa juu ya zote, nami nimekulia Bongo, najua anayekaa juu ndiye mkubwa.

Bi Zuhura akachungulia kwenye kioo cha kompyuta. "RC? Si kanisa lenu hilo, Prosper?"

Kweli mimi ni RC, Mkatoliki wa Roma, kipaimara ninacho. Na hapo ndipo nilipotakiwa kusema, "Sijui, ngoja niulize." Mpaka sasa najiuliza kwa nini sikusema. Badala yake nikajibu bila kupepesa macho:

"Hapana mama. RC maana yake Rasmi Kabisa."

Akawageukia wale wenzake wawili. "Mmesikia? Rasmi kabisa." Alivyosema kwa fahari, utadhani nimezaliwa kwake.

Lebo zikatoka zimenyooka, maandishi meusi yamekolea. Tukabandika harakaharaka. La Songea nilibandika mwenyewe, nikalipiga na kakofi ka kuliaga. Mkokoteni ukabeba mizigo yote kwa wakala wa magari ya mikoani.

Chai yangu haijapoa, wakala akapiga simu. "Bi Zuhura, huyu Fulani bin Fulani wa Mbeya ndiye huyo huyo wa Kigoma na Tabora?"

Nikaokota lebo iliyobaki mezani. Mji sawa. Mpokeaji: FULANI BIN FULANI. Namba ya simu: sifuri mwanzo mpaka mwisho. Waliotengeneza programu waliweka jina la kujaribia, na hawajalitoa. Nasi tulibandika wote, hakuna aliyesoma. (Nilikuwa nasifia weusi wa wino.)

Nikamtafuta kwa simu rafiki yangu Eliya, yeye anaandika programu. Nilitaka kusogea pembeni, Bi Zuhura akasema, "Weka sauti, nasi tusikie."

"Eliya, hivi RC ni nini?"

"Release candidate. Mgombea."

"Mgombea wa nini?"

"Wa kuwa toleo kamili, kaka. Anajaribiwa mara ya mwisho, bado hajaapishwa. Kwani umemweka wapi?"

Nikakata simu.

"Kumbe umeniwekea mgombea," Bi Zuhura akasema.

Nikakimbia kwa wakala. Nikachuchumaa na maka peni, nikaandika upya robota moja baada ya jingine, watu wananiruka. Lakini la Songea lilikuwa limeshaondoka. Wakala akaniambia wenzake wa kule wanafuata lebo tu. Anayekuja kuchukua ataje jina lililoandikwa, vinginevyo mzigo haukabidhiwi.

Mpokeaji ni Mzee Athumani, baba wa bi harusi, shemeji yake Bi Zuhura. Mzee huyo hata salamu anaipima.

"Mpigie wewe," Bi Zuhura akaniambia. "Mimi shemeji yangu siwezi kumwambia maneno hayo." Na sauti ikawekwa tena.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba."

"Mzee, kesho ukienda kuchukua sare, wakikuuliza jina, naomba useme wewe ni Fulani bin Fulani."

"Kijana, baba yangu ulimjua?"

"Hapana mzee."

"Aliitwa Mustafa. Sasa mimi kunibadilisha jina nitavumilia, kwa ajili ya binti yangu. Marehemu baba yangu naye unamwita Fulani?"

Mlangoni watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Nami ningecheka, ila nilimwona Bi Zuhura hacheki. Alikuwa anakunja kitenge ambacho kilishakunjwa.

Nikarudisha 4.8. Nikanyoosha lebo, kazi ya kufumba na kufumbua. Nikamwomba radhi. Akanijibu taratibu, "Ungesema hujui, Prosper, ningekusubiri." Bora angenitukana. Nimetembea mpaka Ilala sauti hiyo iko sikioni.

Mtaani sasa naitwa Rasmi Kabisa. Chekeni, ila kwa ndani. Na wanaouliza kuhusu zile kazi za jengo, Bi Zuhura amesema tusubiri kwanza sare zifike mikononi mwa bi harusi. Kwa hiyo kwa sasa na mimi ni mgombea.