Breki Zinazosubiri Mkasi

Wizara ya Uzinduzi ina furaha kubwa kuujulisha umma kwamba breki mpya za gari la kihistoria la Wizara zimezinduliwa rasmi, kwa mafanikio yasiyo kifani, mbele ya umati uliojitokeza kwa hiari yake baada ya ofisi zote kufungwa. Maneno ya vijiweni kwamba kulitokea ajali yapuuzwe. Mimi ndiye Katibu wa Kamati ya Breki, nilikuwemo ndani ya gari lenyewe, na nayaandika haya mguu wangu ukiwa umening'inizwa kwa kamba juu ya kitanda cha wodi. Sasa mtamwamini nani, mimi au wapiga soga?

Gari lenyewe ni la spoti, la zamani, jekundu, halina paa, lina viti viwili tu na pua ndefu inayofika kabla ya gari. Watumishi humwita Kipusa, kama mtu. Hutolewa bandani mara moja kwa mwaka, kumteremsha Waziri kutoka makao yetu makuu, yaliyo juu kabisa ya kilima, hadi uwanjani chini. Mwenye kazi ya kumwendesha ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, tumbo moja, mtu mtaratibu hadi anakera. Siku moja msafara wa mazishi ulimpigia honi apishe.

Huyu shemeji alinijia ofisini, kofia ameishika mkononi.

"Shemeji, Kipusa hana breki."

"Hana kabisa, au ana upungufu?"

"Nikikanyaga, pedali inazama mpaka sakafuni, na gari linaendelea na hamsini zake."

Mtu mwingine angekimbilia kwa fundi. Mimi niliunda kamati.

Na kamati ilichapa kazi, msituonee. Mjumbe wa Urithi alipinga kung'oa breki za asili. Alisema Waziri wa kwanza hakuwahi kuzitumia, na ndiyo maana sanamu yake imesimama pale pale kwenye kona ya kilima. Mjumbe wa Sera akauliza kama breki haziendi kinyume na kaulimbiu yetu, Mbele Bila Kusita. Tulibishana mpaka chai ikapoa, ikaletwa nyingine, nayo ikapoa. Mwisho tukaafikiana ziagizwe breki mpya za kisasa, na katika nyaraka zote ziitwe Vifaa vya Kuratibu Mwendo. Zikaagizwa. Na zikafika! Ninyi mnaosema Wizara haileti kitu, fungeni midomo.

Akaitwa Fundi Kesho. Jina alipewa kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila mteja. Kuna mabibi harusi waliokwenda harusini kwa miguu kwa ajili yake. Alizigeuzageuza zile breki, akazinusa, akakunja mikono ya shati.

"Hizi nazifunga leo," akasema.

Tulishtuka. Shemeji alishika ukuta.

"Leo haiwezekani," nikamwambia. "Kesho."

"Bosi, neno hilo ni langu."

Ilibidi nimfafanulie kama mtoto. Agizo la Waziri mwenyewe, lililobandikwa kila mlango, linasema kitu kipya hakitumiki kabla hakijazinduliwa, mzinduzi ni yeye peke yake, na mkasi hautoki mpaka hotuba yake isomwe yote bila kurukwa neno. Ndiyo maana lifti yetu mpya imefungwa utepe na sisi tunapanda ngazi. Ndiyo maana bomba jipya limevikwa kitambaa na sisi tunakunywa kwenye ndoo. Hata gari jipya la wagonjwa, mali ya hospitali ya chini ya kilima, limekaa na utepe wake tangu mvua zilizopita, na hakuna aliyelalamika. Angalau hakuna mzima aliyelalamika. Huo ndio utaratibu, na bila utaratibu watu wangekuwa wanatumia vitu ovyo ovyo.

"Sawa," shemeji akasema. "Waziri azizindue, zifungwe, ndipo tuteremke."

"Atazizindua uwanjani."

"Uwanjani atafikaje?"

"Na Kipusa. Ndivyo tunavyofanya miaka yote."

"Kwa breki zipi?"

"Za zamani."

"Ambazo hazipo."

"Shemeji," nikamwambia kwa upole, maana ni ndugu, "usilete siasa."

Jioni hiyo mke wangu aliniwekea chakula mezani kwa kishindo.

"Ni kweli unamtuma mdogo wangu ateremke kilima kile bila breki? Mtoto wa mama yangu?"

"Anaweza kukataa," nikasema. "Ufunguo anauacha mezani, na kazi anaiacha hapo hapo."

"Ana watoto wadogo, unajua fika hawezi kumwaga unga!"

"Basi hatakataa."

Alinikata jicho. "Nisikilize vizuri, baba watoto. Akipata hata mkwaruzo, utahamia huko huko kwa kamati yako, ikupikie." Akaondoka na bakuli la mchuzi kabla sijajitilia. Wanawake hawaelewi ratiba.

Hata hivyo mimi si mnyama. Niliitisha majaribio. Shemeji alimwachia Kipusa ateleze uani, akakanyaga pedali kwa miguu yote miwili, na gari likaenda kusimama kwenye ukuta wa choo cha watumishi. Nikaiarifu kamati kwamba gari lilisimama. Namna lilivyosimama ni suala la kiufundi. Mjumbe wa Usalama, mtu makini sana, akapendekeza abiria apakatishwe jiwe kubwa, ili mambo yakiharibika alitupe mbele ya gurudumu. Jiwe jipya lingehitaji kuzinduliwa, kwa hiyo tukaazima la mlinzi, lile analozuilia geti, ambalo lilikuwa limeshatumika.

Siku ikafika. Chini uwanjani kulikuwa na mahema, viti vya plastiki, bendi, na utepe uliovutwa kukata barabara nzima. Nyuma ya utepe ilikuwepo meza, na juu ya meza, kwenye mto wa mahameli, breki zetu. Huku juu Waziri alitoka na suti nyeupe iliyopigwa pasi hadi ikaogopwa. Mimi nilikuwa nimeshajipangia kuteremka kwa ngazi za mkato, nikampokee chini kwa shangwe.

Shemeji alikuwa amesimama kando ya gari. Jasho linamtiririka, na ufunguo ameushika mkononi.

"Mheshimiwa," akasema, "niwie radhi. Gari hili halina breki."

Waziri akanigeukia. "Katibu, anasema nini huyu?"

"Ni hofu za kawaida za watumishi wa chini, Mheshimiwa. Breki tunazo seti mbili nzima. Za zamani zimo garini, na mpya zinakungoja kule. Ni salama kisera."

"Umesikia?" Waziri akamwambia shemeji. "Salama. Washa gari."

Shemeji akanitazama. Sijawahi kutazamwa vile na mtu aliyekula kwangu. Kisha akainama kwa adabu zote.

"Nawasha, Mheshimiwa. Nilitaka ujue tu. Maana mwenzako aliyekutangulia, yeye alikuwa anaendesha mwenyewe."

"Nani? Yule?"

"Yule yule. Mkono mmoja kwenye usukani, mwingine anapunga. Wapiga picha walikuwa wanasukumana."

Kama kuna mtu asiyetajwa mbele ya Waziri, ni yule. Shavu likaanza kumcheza.

"Lete ufunguo."

"Mheshimiwa, nimesema breki..."

"Nami nimesema lete ufunguo!"

Shemeji akautoa kwa mikono miwili. Mimi nikaanza kurudi nyuma kidogo kidogo, kuelekea ngazi.

"Katibu! Panda."

"Mheshimiwa, mimi nina ukaguzi wa maua kule..."

"Si umesema salama? Panda!"

Nikapanda. Shemeji akanifungia mlango taratibu, kama afanyavyo kila kitu, akanipakatisha lile jiwe.

"Breki yako hiyo, shemeji," akasema. "Wasalimie huko chini."

Mwanzo ulikuwa mzuri, tuseme kweli. Upepo mwanana, Waziri anapunga, wananchi wamejipanga pande zote. Kufika kwenye sanamu ya Waziri wa kwanza, nikaona anakanyaga. Akakanyaga tena.

"Katibu, breki iko wapi?"

"Ndiyo hiyo unayoikanyaga, Mheshimiwa."

"Nimeikanyaga mpaka imefika chini!"

"Basi nasi tutafika chini, Mheshimiwa."

"Tupa jiwe, mjinga wewe! Tupa!"

Nikatupa. Jiwe likabingirika, likatupita, likafika uwanjani kabla yetu. Bendi wakadhani ndiyo ishara, wakaanza kupiga.

Waziri aliachia usukani akapunga mikono yote miwili huku akipiga kelele, "Ondokeni! Ondokeni!" Wananchi, ambao hawakuwahi kupungiwa na kiongozi kwa mikono miwili, waliguswa sana, nao wakampungia vivyo hivyo. Mshereheshaji akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba Mheshimiwa anawasili kwa kasi ya maendeleo. Ndipo wakaona hapunguzi. Weee! Watu walitawanyika kama kuku walioona mwewe. Tukakata utepe bila mkasi, tukapitia mezani, tukaingia hemani, tukapita katikati ya wageni maalumu, ambao nawapongeza kwa wepesi wao, tukaishia kwenye lundo la viti vya plastiki.

"Zimezinduliwa!" akatangaza mshereheshaji, na mtu mmoja wa bendi akapiga makofi. Hayo ndiyo mafanikio niliyoyataja hapo juu.

Hakufa mtu. Mguu wangu ulivunjika, na wa Waziri pia, ila wake, kwa kuzingatia cheo, ulivunjika juu zaidi. Alikuwa amelala chali kwenye nyasi, amekumbatia breki moja mpya, na Fundi Kesho amechuchumaa pembeni yake.

"Mheshimiwa, sasa naruhusiwa kuzifunga?"

"Gari la wagonjwa!" Waziri alinguruma. "Liko wapi gari la wagonjwa?"

Lilikuwepo, karibu kabisa, jeupe, linameta, limezungushiwa utepe kwa fundo zuri la kipepeo. Kando yake alisimama muuguzi mkuu wa hospitali, mama mmoja mtulivu wa sauti.

"Hili ni la pili kwenye ratiba, Mheshimiwa. Halijazinduliwa."

"Nalizindua! Nimeshalizindua! Leteni mkasi!"

"Mkasi hutoka baada ya hotuba, baba. Yote, bila kurukwa neno. Agizo lako hilo. Juzi mjamzito alijifungulia kwenye ngazi zetu, gari hili linamtazama. Tulipowapigia simu mkatuambia agizo ni agizo."

Waziri akanigeukia, macho yanaomba. Nikajitia hamnazo. Simu ile niliipokea mimi. Na hotuba niliiandika mimi, ni ndefu, na mpaka asubuhi ile nilikuwa nikijivunia urefu wake.

Basi akaletewa kipaza sauti pale pale nyasini. Wa kumshikia karatasi juu ya uso akawa shemeji, aliyekuwa ameteremka kwa miguu, mzima, hana hata mkwaruzo, na alizifungua kurasa kwa mwendo wake ule ule wa kukera.

"Ndugu wananchi," Waziri akasoma, meno yamekazana, "leo ni siku ya furaha kwetu sote. Wahenga walisema, mvumilivu hula mbivu..."

Umati ukaanza kurudi, mmoja mmoja, wakaokota viti vyao, wakakaa. Sijapata kuona watu wanaosikiliza kwa makini kiasi kile. Nilikuwa nimelala kando, maumivu yananipanda hadi kisogoni, nikizilaani aya zangu zote, hasa ile ya historia ya utepe. Hatimaye tukafika neno la mwisho. Muuguzi akautwaa mkasi kwenye mto wa mahameli uliookotwa nyasini. Na hapo hapo, kutoka nyuma ya hema lililoanguka, ikapazwa sauti moja kali:

"Huku hatukusikia! Arudie!"

"Ndiyo, arudie!" wakaitikia wengine. "Arudie tangu mwanzo!"

Muuguzi akaurudisha mkasi kwenye mto, na shemeji akaanza kutafuta, bila haraka, ukurasa wa kwanza.

Wizara inawashukuru wananchi kwa mwitikio huo, ambao haujapata kutokea katika historia ya hotuba zetu. Ile sauti ya kwanza niliitambua mara moja. Ilikuwa ya mke wangu.