Pikipiki Yangu Ilimpakia Mama Mkwe

Hippolyte Mushagalusa,
Kisugu.

Kwa Ndugu Mwenyekiti Okidi,
Steji ya boda, Makindye.

Salamu za heshima, na pole kwa kazi ya kutuongoza sisi wenye vichwa vigumu.

Nakuandikia kuhusu uamuzi wako wa kuniondoa stejini mpaka pikipiki yangu ipone. Unasema niliifungua injini mwenyewe nikairudishia vibaya. Uamuzi huo umeniuma, kwanza kwa sababu boda ndiyo inayotulisha nyumbani, na pili kwa sababu umemwonea asiye na hatia. Ugonjwa wa pikipiki ile ni obuko, kule kutetemeka kunakompata mtu aliyemkaribia mno mama mkwe wake. Mimi ni Mkongo, lakini nimeoa Buganda, na mashemeji wamenifundisha mambo haya vizuri.

1. Nilipomaliza kuifunga injini, abiria wa kwanza alikuwa Mama Nakibuule, mzazi wa mke wangu. Mvua ilikuwa inanyesha, ningefanyaje? Tuliweka mkungu wa matoke katikati yetu kwa heshima. Mimi nikalindwa na mkungu. Pikipiki je, ililindwa na nini? Alikuwa ameikalia moja kwa moja.

2. Tangu siku hiyo inatetemeka, inakohoa, na nikipunguza mafuta inazima. Nimebadilisha plagi. Nimesafisha chujio la hewa. Nimemwaga petroli yote nikatia ya kituo kingine. Fundi mwenye akili huondoa sababu moja baada ya nyingine, na kwangu iliyobaki ni mama mkwe.

3. Fundi Abudu wa Kisenyi anasema hii ni ya injeksheni, haina kabureta, inaongozwa na kompyuta ndogo, na lazima kuna kitu sijakiunganisha. Sawa. Kama ina kompyuta basi ina akili, na kama ina akili basi inaona aibu. Hata taa ya injini pale mbele siku hizi inakonyeza. Inamkonyeza nani, Mwenyekiti, mbele ya wakwe? Nimeibandika plasta.

4. Kuhusu skrubu zilizobaki, kiwanda kilizidisha. Naomba tusilirudie jambo hili.

Kwa hiyo nirudishie nafasi yangu. Naomba pia steji imwite Mama Nakibuule aje na kuku, aiombe pikipiki msamaha hadharani. Akikataa, aje na mbuzi. Na kuanzia sasa kila mwanachama amtambulishe mama mkwe wake kwa wenzake, tujue pikipiki ipi isimbebe nani. Wenye wake wawili tutawafikiria.

Nisalimie Alal, Blaise na yule mama wa chapati. Waambie nipo, nimechoka tu kutembea.

Mimi mwanachama wako mtiifu, kwa sasa wa miguu,
Hippolyte Mushagalusa

N.B. Mama Nakibuule amefika sasa hivi. Kwa kuwa mila haituruhusu kuzungumza ana kwa ana, alimuuliza binti yake kwa nini kuna waya unaning'inia chini ya tangi. Nikajibu kupitia mke wangu kwamba ni pambo. Mama mkwe ameuchomeka mahali pake. Kutetemeka kumekwisha na taa imezimika, nimeibandua plasta nikaona. Injini sasa ni nzima kabisa, nina hakika, maana naisikia ikipanda mlima wa Makindye bila kukohoa, na anayeiendesha ni yeye. Akifika hapo kabla ya barua hii, nakusihi, usimpe nafasi yangu.